Aliyeita Mara Tatu

Siku ya thelathini na tisa tangu wamzike Uwesu, Nassibu alitumwa kanda. Kazi ndogo tu. Toka Mtaa wa Narung'ombe hadi dukani kwa Praful, chukua kanda ya video, rudi kabla giza halijaingia, maana onyesho huanza watu wakishaswali magharibi.

Mwaka huo Kariakoo ilikuwa imefurika vitu mpaka mtu anakosa pa kukanyaga. Redio, deki, kandambili, sabuni za kila rangi, vyote vimemwagwa barabarani. Watu waliozeeka kwenye foleni ya unga sasa walikuwa wanabishania bei ya luninga. Nassibu alivipita vyote asivione. Tangu makaburini hakuwa amelia hata chozi moja. Taya lilikuwa limemfa ganzi, kama siku ile alipong'olewa jino, na ganzi yenyewe ilikuwa imeshuka mpaka kifuani.

"Pole, bwana," alisema Praful, akipangusa kanda kwa kitambaa. "Arobaini lini?"

"Kesho."

"Chukua hii basi. Karate ya Wachina, lakini ndani kuna maiti anaruka. Amebandikwa karatasi ya njano kwenye paji la uso. Karatasi ikidondoka, anaamka. Haoni, anasikia pumzi tu. Ukibana pumzi, anakupita." Praful alicheka kidogo, kisha akakumbuka msiba, akamkabidhi kanda.

Nassibu alikuwa mfasiri kwenye banda la video la Theophil. Usidhani alijua Kichina. Nani alikijua? Yeye na kaka yake Uwesu walikaa pembeni ya luninga na kipaza sauti kimoja, wakatunga. Nassibu mashujaa. Uwesu wabaya na wafu. Sauti ya Uwesu ilikuwa nzito, ina mkwaruzo mwishoni, na wengi walikuja kuisikia hiyo kuliko kuona mateke.

Nyuma ya ukuta wa mabati wa banda hilo alikaa mama yao, Bi Hajira. Mtoto wa jicho alishamfunga macho yote mawili, wanawe akawajua kwa sauti. Tangu wadogo aliwafundisha jambo moja: ukiitwa magharibi na humwoni anayekuita, usiitikie. Mfu huita mara mbili tu, ya tatu hana pumzi nayo. Subiri ya tatu.

Asubuhi ile alikuwa amemshika Nassibu mkono. "Baba, nimebakiwa na wewe tu. Sauti yako ndiyo macho yangu. Usiniache na giza hili."

Maneno hayo peke yake ndiyo yaliyopenya ile ganzi. Alimwahidi.

Banda lilijaa. Watu wakabanana kwenye mabenchi, wengine wakakaa chini. Theophil akasukuma kanda kwenye deki. Mapanga yakalia, watu wakaruka juu ya mapaa, Nassibu akatafsiri mashujaa kama kawaida, kavu, hasikii chochote moyoni.

Kisha maiti akatokea. Kanzu nyeusi, kofia ya duara, mikono imenyooshwa mbele. Upepo ukapuliza. Karatasi ikadondoka.

Banda zima likamgeukia Nassibu. Walikuwa wanamsubiri Uwesu.

Wallahi hakupanga. Koo lenyewe lilishuka, mkwaruzo ukaja.

"Mama... nifungulie."

Watu wakasisimka, wakabana pumzi. Mtu mmoja akasema taratibu, "Huyo huyo, Uwesu mwenyewe." Nassibu akaona amewashika, na mfasiri akishawashika watu haachii. Akarudia.

"Mama... nifungulie."

Maiti akaruka hatua moja. Mdomo wa maiti ukafunguka tena, na mdomo ukifunguka mfasiri lazima aseme kitu. Hapo ndipo alipokosea.

"Mama... nifungulie."

Nyuma ya mabati, sauti ya kizee ikaitika.

"Abee, baba. Nakuja."

Komeo la mlango likalia.

Watu wakacheka. Nassibu hakucheka. Umeme ukakatika papo hapo, mgao wa kila siku, luninga ikawa shimo jeusi. Kipaza sauti kikafa mkononi mwake.

"Nimefika, mama."

Sauti ya Uwesu. Nzito, mkwaruzo mwishoni.

Banda likapiga makofi. Walidhani ni ufundi. Nassibu akapeleka vidole mdomoni, gizani, akapapasa midomo yake.

Ilikuwa imefungwa.

Halafu harufu ikaja. Kafuri, na udongo mbichi. Aliijua vizuri. Yeye ndiye aliyemwosha kaka yake, na ndiye aliyeshuka naye kaburini. Akatupa kipaza sauti, akapita juu ya magoti ya watu, akatoka nje.

Uani kulikuwa kimya.

Puu...

Puu...

Kitu kinatua kwa miguu yote miwili kwa pamoja. Kisha kikanyamaza. Mlango wa mama ulikuwa wazi, koroboi inawaka ndani. Kwenye mchanga palikuwa na nyayo, mbili mbili, zimebanana, hadi kizingitini. Zilizoingia tu.

Nassibu akasimama mlangoni. Bi Hajira alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso umemng'aa kwa furaha. Mbele yake hapakuwa na mtu. Lakini kitanda cha kamba kililia, kamba zikabonyea katikati.

"Uwesu, baba," mama alinong'ona. "Mwenzio yuko wapi?"

Nassibu akabana pumzi.

Ukibana pumzi, anakupita. Ndivyo alivyofanya, kama watazamaji wake walivyofanya muda mfupi uliopita. Neno moja lilitosha. Nipo. Mama alishageuza shingo upande wa mlango, amelitega sikio, anamsubiri. Kifua kilimuuma kwa kukosa hewa. Aliogopa, na kwa woga wake hakusema.

"Mwenzangu tulimzika, mama," kitanda kikajibu. "Kesho arobaini yake."

Bi Hajira akajifunika ukaya usoni, akalia kilio cha mama aliyefiwa upya.

Siku ya pili ilisomwa hitima. Shehe alipouliza jina la marehemu, Bi Hajira alisema, "Nassibu." Watu wakatazamana. Shehe akasoma jina la Uwesu, wakaitikia amina, na kila mtu akawa na lake la kusema. Theophil alisema kipaza sauti kilibaki na mwangwi. Jirani yao Blandina alisema Nassibu mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwigiza kaka yake chumbani, alimsikia kwa masikio yake, na kama si yeye basi nani? Wengine walisema uchungu umemvuruga bibi wa watu, atapoa. Nassibu aliyasikia yote kwa mbali.

Wageni walipoondoka, magharibi ikaingia. Nassibu akatembea hadi mlango wa mama. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ndani kulikuwa na mazungumzo ya chini, na sahani zilikuwa zinagongana, mbili.

"Mama," aliita.

Mazungumzo yakakatika.

"Mama."

Mara ya tatu akafungua mdomo. Taya likakwama hapo hapo. Ganzi ilikuwa imelishika lote, kisha ulimi, kisha koo, na alisimama pale mdomo wazi, mkono juu ya mbao za mlango, hakuna kinachotoka.

Ndani, mama yake akashusha pumzi.

"Umesikia?" akanong'ona. "Mbili tu. Maskini mwanangu... Usimwitikie, Uwesu. Kula."