Sombe ya Arobaini

Kila asubuhi, Shakila na mama yake Fatuma walitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, ya kuuza mbele ya kibanda chao cha turubai mtaani Majengo, Goma. Kabla ya volkano ya mwezi wa kwanza walikuwa na duka la vitenge. Moto wa mlima uliliteketeza, na baba, aliyerudi kuokoa marobota, hakuonekana tena. Sasa mtaji wao wote ulikuwa kinu cha kuazima na majani aliyowaletea jirani yao Apolline.

Siku moja Muzee Djibril, aliyefiwa na mkewe katika volkano hiyo hiyo, aliagiza mabeseni mawili ya sombe kwa ajili ya arobaini. Ilikuwa arobaini ya baba pia, lakini Fatuma hakuwa na cha kuwapikia watu. Siku ya kilio chake alitwanga chakula cha kilio cha wengine.

"Mutoto yangu, lete maji ya kuosha majani. Ufike mpaka ku ziwa," alisema.

Ziwa lilikuwa mbali, na mawe ya lava yalichoma nyayo. Shakila, aliyejiona mwerevu kuliko mamaye, alizunguka nyuma ya nyumba ya jirani mwingine akachota kwenye pipa la maji ya mvua. Kila mtu Goma alijua kwamba majivu ya mlima bado yalikuwa yakiangukia mapaa. Naye alijua.

Saa sita Muzee Djibril, aliyekuwa ameichukua sombe yake asubuhi, alirudi, uso umemshuka.

"Fatuma, hii sombe iko na muchanga. Batu banatema! Wageni wangu bakule nini?"

Fatuma alijibu, "Unisamehe, muzee. Pengine majani ya Apolline njo yalikuwa mabaya. Sitachukua tena kwake."

Shakila alijua kwamba akinyamaza, Apolline asiye na kosa angebeba lawama, nao wangekosa majani.

"Mama, haiko majani," alisema akilia. "Ni mimi. Nilichota maji ya pipa."

Fatuma alimtazama mwanawe kwa uchungu, kisha akamrudishia mzee pesa zake zote. Apolline alileta majani mengine. Safari hii Shakila alikwenda ziwani mara mbili bila kuambiwa, na wanawake wa mtaa wakatwanga kwa zamu. Wageni walikula alasiri. Dua iliposomwa, Muzee Djibril aliomba jina la Mahamudi, baba yake Shakila, litajwe pia. Fatuma akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mlima ulipuke.

Walipokuwa wakirudi kutoka kwa Muzee Djibril, Shakila aliuliza kwa woga, "Mama, sisi bamasikini tutaweza kweli biashara?"

"Tutaweza," Fatuma alijibu. "Lakini sikiliza. Tajiri akiharibu kazi, iko na akiba ya kumushika asianguke. Sisi hatuna. Batu bakikosa kutuamini siku moja tu, kesho yake tunalala njaa. Usiniharibie tena hiyo imani ya batu, kitu kimoja kilichobaki."

Shakila alimshika mama yake mkono, wakaendelea kutembea.