Mikono ya Mgawa Karata

"Kipanga, mgeni ameketi. Nenda kapoteze."

Sauti ya Mzee, mkuu wake wa ujasusi, ilikwaruza kwenye kidude cha sikioni. Kipanga alirekebisha tai, akavuka zulia jekundu la kasino, akaketi kwenye meza ya blakijeki, mchezo wa kutafuta ishirini na moja, viti viwili kutoka kwa mgeni huyo waliyempa jina la Suti ya Kijivu.

Ilikuwa mchana kweupe, lakini humo ndani hamkuwa na dirisha hata moja.

Bastola yake ya Glock ilibaki garini, maana mlangoni walipekua. Alichopitisha ni kalamu ya Parker iliyojazwa gesi ya kulevya. Suti ya Kijivu hakupekuliwa. Alikuwa rafiki wa mwenye kasino.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mgawa karata, mama wa watoto wawili, alikuwa amelazimishwa na Suti ya Kijivu ampitishie kete moja ya plastiki katikati ya kete za ushindi, zile zinazolipwa mezani badala ya pesa. Ndani ya kete hiyo zilifichwa namba za siri za kufungulia milango ya bwawa kuu, na chini ya bwawa kuna mji mzima. Mama huyo aliitikia kwa mdomo, kisha akaenda kumwambia Mzee.

Kete zote zilifanana, ni yeye tu aliyeijua. Ishara ikatafutwa humohumo kazini. Kila mgawa karata anapoacha meza hupiga kofi na kuonyesha viganja, kamera za darini zione kwamba hajaondoka na kitu. Yeye angefanya hivyo kabla ya zamu yake kuisha, mara tu akishaipitisha kete. Hapo Kipanga angemnasa mtu na kete yake.

Asubuhi, garini, mama huyo alimshika Kipanga mkono.

"Kaka, akishainuka nayo, mimi sina kazi tena kwake. Unajua anavyowafanya wasio na kazi."

"Macho yangu hayatatoka mikononi mwako, dada."

"Niahidi."

"Nimeahidi."

Lakini Kipanga alikuwa na ugonjwa wake. Alijifunza kuhesabu karata. Ndogo ikitoka, unaongeza moja. Kubwa ikitoka, unapunguza moja. Hesabu ikipanda, ujue kasha la karata limebaki na karata nono, ndipo uongeze dau. Mkewe alimgawia karata kwenye meza ya chakula mpaka mikono ikamuuma.

"Mume wangu, elimu hii ina faida gani?" aliuliza siku moja. "Ukishindwa unaliwa. Ukishinda unafukuzwa."

Mzee naye alimwonya. "Anayeshinda hutazamwa. Anayepoteza hana wa kumjali. Mimi nakutuma ukapoteze."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwanzoni alipoteza vizuri, kama alivyotumwa. Alilalamika kidogo, akaomba maji. Ila kichwani mashine ilishawaka.

Nne, ongeza. Mbili, ongeza. Mfalme, punguza. Tano. Sita. Tatu.

Hesabu ikapanda. Ikapanda tena. Kasha lilikuwa limebaki na wafalme watupu, na mezani pale hakuna aliyejua ila yeye. Jamani, raha ya kujua peke yako.

Mgawa karata alimlipa Suti ya Kijivu. Akapiga kofi. Akaonyesha viganja.

Kipanga alikuwa anasukuma rundo zima la kete katikati ya meza.

Mama wa watu akapiga kofi tena, kwa nguvu zaidi. Kipanga alilisikia. Alidhani ni mtu anashangilia meza ya jirani.

Hakukuwa na la kufanya ila kugawa. Ree. Mfalme. Ishirini na moja.

Kipanga akatabasamu.

"Mheshimiwa, inuka tafadhali." Msimamizi alisimama nyuma yake na walinzi wawili. "Wanaohesabu hatuchezi nao."

Suti ya Kijivu aliwaona walinzi, akamtazama mgawa karata, akadhani wamemjia yeye na kwamba mama kamsaliti. Alizoa kete zake na kumshika mama huyo kiwiko.

"Kipanga, mgeni yuko wapi?" Mzee aliuliza sikioni.

Kipanga akainua macho. Kiti kilikuwa kitupu. Nyuma ya meza napo hapakuwa na mtu.

"Kipanga?"

Mshika mbili moja humponyoka, na yeye iliyomponyoka ilikuwa ile ya mwenzake.

Kiwiko kwa mlinzi wa kwanza. Goti kwa wa pili. Akaruka meza, kete zikamwagika. Mlango wa wafanyakazi. Korido nyembamba, makabati, sare zimetundikwa.

Akasikia mlango wa chuma ukibamizwa. Kisha akasikia ukelele.

Mama alikuwa ameng'ang'ania fremu asitolewe nje, na Suti ya Kijivu alimbamizia mlango vidoleni. Bastola yake ya Beretta ikachomoka. Kipanga akabonyeza kalamu. Gesi ikamjaa yule bwana usoni, akaanguka na suti yake.

Kete ile ilikuwa kwenye mfuko wa juu wa suti, peke yake. Bwawa lilikuwa salama.

"Kijana, nimesikia yote," Mzee alisema, na furaha ilisikika. "Kuwavuta walinzi ili apaparike! Hiyo ni akili. Nitaripoti hivyo."

Ingetosha kunyamaza. Kipanga alimtazama mama aliyekaa sakafuni, mkono kaukumbatia kifuani, kisha akajitenga hatua chache na kushusha sauti.

"Haikuwa akili, Mzee. Nilikuwa nahesabu karata. Alipiga kofi mara mbili, sikumwona."

"Basi kamwambie yeye, siyo mimi," Mzee alisema.

Alimwambia hospitalini. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo. Daktari alishasema vidole viwili havitakunjika tena.

"Ulikuwa unatazama nini, kaka?"

"Karata."

"Ulishinda?"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Angeambiwa achague kati ya jibu na risasi, angechagua risasi.

"Nilishinda, dada."

"Haya."

Muuguzi alimwita kwenye picha nyingine ya mifupa. Mama akainuka, na kwa mazoea ya miaka akakutanisha mikono. Bandeji haikutoa sauti. Akafunua viganja, kimoja kitupu, kimoja cheupe, akaviangalia kama vya mtu mwingine.

Safari hii Kipanga aliviona.

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akafunga kifungo cha koti na kushuka ngazi taratibu. Wauguzi wawili waligeuka kumtazama, wakanong'onezana kwamba yule kaka ana maringo. Hakuinua uso mpaka alipofika garini.