Asahel Thrall na Katiba Isiyosomwa

Asahel Thrall alikuwa akizungumza na ng'ombe wake. Aliwapa habari za theluji, za bei ya chumvi, za goti lake linalouma. Ng'ombe walitafuna tu. Mkewe alikuwa amefariki kwa homa, mwaka wa tatu sasa. Mwanawe wa pekee, Eliakim, hakuwapo. Kwa hiyo wa kuzungumza nao walikuwa ng'ombe.

Sisi watu wa Harrowfield tulijua Eliakim yuko wapi, ila hatukusema kwa sauti. Majira ya baridi yaliyopita wakulima wengi wa Massachusetts walishika bunduki na kuzifunga mahakama, kwa sababu kodi ziliwalemea. Serikali ikaleta jeshi. Eliakim alikuwa mmoja wa wakulima wale. Alikimbilia kaskazini, kwenye milima ya Vermont, ambayo wakati ule ilikuwa nje ya nchi yetu, na hakurudi.

Kila asubuhi Asahel alipika uji wa mahindi. Kwa mazoea alipika wa watu watatu. Uliobaki aliula jioni, umepoa.

Mwezi Desemba mwaka 1787 tuliitwa kwenye nyumba ya ibada, ambako ndiko tulikofanyia pia mikutano ya mji. Nchi yetu ilikuwa changa. Tulikuwa tumemkataa mfalme wa Uingereza, lakini majimbo yetu kumi na matatu yalikuwa yanavutana. Sasa katiba mpya ilikuwa imeandikwa, ili yote yawe chini ya serikali moja. Kila mji ulitakiwa kupeleka mjumbe Boston, akaseme ndiyo au hapana.

Hakuna aliyetaka kusafiri siku nne kwenye theluji. Mtu mmoja akasema aende Asahel, maana hana mke wa kumnunia akirudi. Watu walicheka, mikono ikainuka, naye akawa mjumbe. Yeye hakucheka. Hata mimi nilicheka siku ile, na sijivunii.

Kisha Shemasi Harmon alisimama na gazeti mkononi. Shemasi ni mtu mwema, lakini akishika jambo haachii. Alisema ameona barua nyingi magazetini kuhusu katiba hii. Walioziandika hawakutia majina yao. Walitia majina ya Warumi wa kale.

"Nani anakaa Rumi?" aliuliza. "Papa. Basi barua hizi zinatoka kwa nani? Mnataka niwaeleze nini zaidi?"

Mjini kwetu hakuna aliyewahi kumwona Mkatoliki hata mmoja, kwa hiyo tuliwaogopa sana. Minong'ono ilienea. Wengi walitaka mjumbe apewe amri ya maandishi: akifika Boston aseme hapana, na asiseme kingine.

Asahel aliuliza swali moja tu. "Kuna mtu aliyeisoma hiyo katiba?"

Tulitazamana. Nakala ya mji ilikuwa nyumbani kwa shemasi, bado imefungwa kwa uzi wake. Tukakubaliana kwamba Asahel aisome, nasi tukutane tena baada ya wiki mbili.

Siku chache baadaye mchuuzi alimletea barua kutoka Vermont. Ilikuwa ya Eliakim, ya kwanza tangu alipokimbia. Iliandikwa hivi: "Baba, nimesikia habari ya katiba. Wakikuuliza, sema hapana. Serikali ndogo ilituletea jeshi. Hiyo kubwa italeta nini? Ukisema ndiyo, usinitazamie tena." Asahel aliisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa, akaisoma tena.

Alijaribu kuisoma katiba peke yake. Alijua kusoma Biblia, lakini hapa alikwama. Seneti ni kitu gani? Kwa nini wawepo wakubwa wengi, kila mmoja na kazi yake? Mwisho alivaa koti, akaenda kwa Bibi Mehitabel Strong.

Mehitabel alikuwa binti wa mchungaji wetu wa zamani. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo alimfundisha yeye Kilatini. Baba alipokufa alimwachia nyumba na rafu nne za vitabu. Hakuolewa. Tulimsalimu siku ya Jumapili, tukaenda zetu. Hatukujua cha kuongea naye.

Asahel alimweleza kilichomleta. Mehitabel alimkaribisha ndani.

"Samahani," alisema. "Tangu baba afe, miaka kumi na mmoja, hakuna mtu aliyegonga mlango huu kuniuliza swali. Nimesahau pa kuanzia."

"Anzia kwa Papa," alisema Asahel.

Mehitabel alicheka, hadi akafuta macho. Alimwambia Papa hahusiki. Waandishi wale walikuwa watu wa hapahapa, wengine wanaitaka katiba, wengine wanaipinga. Walijificha nyuma ya majina ya kale ili watu wapime hoja, wasimpime msemaji. Na walichagua majina ya Warumi kwa sababu walisoma vitabu vya Warumi shuleni, kama yeye alivyosomeshwa na baba yake.

"Lakini Warumi wale wamekufa zamani," alisema Asahel. "Wanatuhusu nini sisi?"

"Waliwahi kumfukuza mfalme, kama sisi. Wakakaa bila mfalme mamia ya miaka. Kisha wakaharibikiwa. Wewe ukitaka kujenga ghala, hutamwuliza mtu ambaye lake lilianguka?"

Akashusha kitabu. Alimweleza kwamba mwandishi wake, Mgiriki mmoja, alichukuliwa mateka, akapelekwa Rumi. Huko, mbali na kwao, alikuwa na muda mwingi wa kutazama. Aliona kwamba mtu mmoja akitawala peke yake, mwisho huwa mkatili. Wachache wakitawala peke yao, mwisho hujijali wenyewe. Na umati wote ukitawala bila kizuizi, mwisho huwa ghasia. Warumi walichanganya zote tatu. Walikuwa na wakuu wawili, wa mwaka mmoja tu. Walikuwa na baraza la wazee, ambalo liliitwa Seneti. Na wananchi nao walikuwa na mikutano yao ya kupiga kura. Kila upande uliweza kuuzuia mwingine.

"Ndiyo maana karatasi yako ina Rais, ina Seneti, ina wajumbe wa wananchi," alisema. "Na mahakama imewekwa pembeni, isimtegemee yeyote."

Asahel alifikiri. Alikuwa amechaguliwa mara sita kuwa mkaguzi wa uzio wa mji. Majirani wakigombania uzio, mkaguzi ndiye anayekuja kuamua.

"Sheria yetu inasema mkaguzi hakagui uzio wake mwenyewe," alisema polepole. "Anaitwa mwingine."

"Basi umeielewa kuliko wengi walioko Boston."

"Na kwa nini mabaraza mawili? Moja halitoshi?"

Mehitabel alimsimulia habari za Athene, mji wa Wagiriki. Siku moja wananchi walikutana wakiwa na hasira na mji mmoja ulioasi. Walipiga kura wanaume wote wa mji ule wauawe. Meli ikaondoka na amri. Kesho yake hasira ilipoa. Wakakutana tena, wakapiga kura nyingine, wakatuma meli ya pili kuikimbiza ya kwanza. Wapiga makasia walikula huku wakivuta makasia. Walifika amri ikiwa tayari imesomwa, bado haijatekelezwa. "Baraza la pili ndilo meli ya pili," alisema.

Asahel alimfikiria mwanawe, na jeshi lililomfukuza ndani ya theluji. Akatoa barua ya Eliakim, akamsomea.

Mehitabel hakumpa maneno matamu. Alisema kijana ana haki ya kuogopa jeshi. Rumi iliharibika pale askari walipompenda jenerali wao kuliko sheria. Kwa hiyo katiba inakataza fedha za jeshi kutolewa kwa zaidi ya miaka miwili kwa mara moja. Zikiisha, lazima wajumbe waulizwe tena.

"Hiyo ni nzuri," alisema Asahel. "Lakini sijaona mahali panaposema serikali isiguse nini kwangu. Imani yangu. Maneno yangu. Wao wamejiwekea uzio, mimi wangu uko wapi?"

"Haupo. Na wapo wanaosema uongezwe. Warumi wa kawaida walidai sheria ziandikwe na kuwekwa hadharani, na wakazipata."

Akafunga kitabu. "Uzio wangu mimi haupo kabisa. Athene mwanamke hakupiga kura. Rumi hakupiga. Hapa sipigi. Watumwa wa majimbo ya kusini wamehesabiwa kwenye karatasi hiyo ili mabwana wao wapate wajumbe wengi zaidi, si kwa faida yao. Nimesoma rafu nne, Bwana Thrall, na sijakutana na mtu kama mimi."

Asahel alibaki hapo hadi moto ulipopungua, akamwongezea kuni, ndipo akaenda.

Kwenye mkutano wa pili Asahel, ambaye si msemaji, alisema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kutuambia. Aliisoma katiba yote kwa sauti. Alitueleza habari ya meli mbili. Kisha akaomba asipewe amri.

"Mkinituma na neno moja mfukoni, mtakuwa mmetuma barua, si mtu," alisema. "Niacheni niwasikie wengine kwanza. Nitadai haki zetu ziandikwe. Nikirudi, nikasirikieni."

Alishinda kwa tofauti ya kura nne. Shemasi Harmon alitoka bila kumpa mkono.

Boston wajumbe walijadiliana karibu mwezi mzima. Mwisho walikubaliana: ndiyo, pamoja na orodha ya mambo ya kuongezwa. Kura za ndiyo zilizidi za hapana kwa kumi na tisa tu. Moja ya zile za ndiyo ilikuwa ya Asahel.

Aliporudi tulimkasirikia, kama alivyotuambia. Watu walivuka barabara wasikutane naye. Alimwandikia Eliakim ukweli wote. Majibu hayakuja. Yalipita majira ya kupanda, ya kuvuna, theluji ikaja tena. Alikuwa mpweke kuliko mwanzo, maana sasa upweke huo aliuchagua mwenyewe.

Ila kitu kimoja kilibadilika. Kila Jumamosi mchana alikwenda kusoma kwa Mehitabel. Baadaye nikaenda na mimi. Mwaka wa pili tulikuwa kumi na mmoja. Tukapitisha kanuni ya mji: hakuna kura kabla jambo halijasomwa lote kwa sauti. Mwaka wa tatu Shemasi Harmon alikuja, akakaa karibu na mlango, akauliza kama Papa anatajwa. Na wakati huo mambo tuliyoyadai yalikuwa yameanza kuandikwa, nayo baadaye yakaongezwa kwenye katiba.

Mwishoni mwa mwaka 1790 mchuuzi alileta barua. Vermont nayo ilikuwa imeitisha mkutano wake, iamue kujiunga nasi au la. Eliakim aliandika hivi: "Baba, wamenichagua mimi niwe mjumbe. Wengi hapa wanaitaka katiba. Wengine wananiambia niseme hapana, nami nilikuwa nimekubali. Halafu nikakumbuka kwamba nilikuamuru wewe useme hapana, na karatasi yenyewe sikuwa nimeiona. Mpaka leo sijaisoma. Nisamehe. Niseme nini?"

Asahel alimpelekea Mehitabel barua ile. Alimwomba waende wote Vermont. Mehitabel alisema barabara ni mbaya kwa umri wake, na huko pia hawatamfungulia mlango wa mkutano. Akampa kitabu cha yule Mgiriki, pamoja na kurasa sita alizoandika kwa mkono wake usiku kucha. Kisha akasimama dirishani hadi farasi alipopotea.

Siku tatu baadaye Asahel aligonga mlango mlimani. Eliakim alifungua. Alikuwa na ndevu, na mtoto mchanga begani ambaye babu yake hakujua kama amezaliwa. Asahel akakung'uta theluji, akaketi mezani, akafungua karatasi ya katiba.

"Sikuja kukwambia useme nini," alisema. "Vuta kiti, tuisome."