Ndege Aliyezibwa Ndani ya Mkuyu

Asho na mumewe Guleid wanaishi Chechelesi, mjini Isiolo, karibu na mto. Guleid huuza mbuzi. Asho hufua nguo chini ya mkuyu ulio nyuma ya nyumba.

Asubuhi moja Asho aliona tundu la mti limezibwa kwa udongo. Ulibaki ufa mwembamba. Mdomo wa ndege ulichomoza humo.

"Nani amemfungia huyu?" alishangaa.

Alipanda ngazi, akabomoa udongo kwa kisu. Ndani alikuwamo hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa. Hakutoka. Alimdonoa Asho mkononi.

Siku ya pili, tundu lilikuwa limezibwa tena nusu.

"Baba Kowsar, sielewi," Asho alimwambia mumewe. "Namfungua, anafungwa tena. Na nani?"

Guleid aliogopa. "Hii si kitu ya kawaida. Nakata huu mti."

Alienda kuazima msumeno kwa jirani, Mawira, anayefanya kazi kwenye kitalu cha miti. Mawira alisikiliza, kisha akafuatana naye mikono mitupu.

"Ngojeni kidogo," alisema.

Dume la hondohondo likatua. Lilitoa tunda kooni, likalipitisha kwenye ufa. Likatoa lingine. Na lingine.

"Analisha nani?" Guleid aliuliza.

"Mke wake. Yuko ndani na yai. Amejiziba ili nyoka na nyani wasiingie."

"Amejifunga mwenyewe?"

"Ndiyo. Mume huleta udongo, mke hukandika. Tukibomoa, kinda anaweza kufa. Na ndege hawa wakila matunda, mbegu huanguka mbali, zinaota. Miti mingi ya huu mto wameipanda wao."

Asho alishika kichwa. "Wallahi, nilidhani namsaidia!"

"Usimguse tena, Mama Kowsar. Ataziba."

Kweli, aliziba. Asho alihamisha beseni lake mbali. Miezi mitatu hivi ilipita, dume likileta matunda kila siku. Kisha asubuhi moja udongo ulipasuka. Mama alitoka. Kinda alifuata, akayumba tawini, akaruka hadi ng'ambo ya mto. Asho alilia kwa furaha.

Baadaye mtu mmoja alikuja kutaka kununua mkuyu, apate kuni.

"Hapana," Guleid alijibu. "Huo mti una wenyewe."

"Si uko kwako? Wenyewe ni nani?"

Guleid alimwonyesha lile tundu juu. Yule mtu alitazama, akatazama tena, asielewe.

"Keti," Guleid alimwambia. "Hata mimi sikuelewa."