Taa ya Hilmi na Macho ya Inshirah

Kioo cha plastiki cha taa ya teksi kilikuwa kimetakata. Fundi Shawqi alikiacha mezani kikavu kabisa, akaenda kuswali Alasiri, na aliporudi kilikuwa kimefifia tena, cheupe pe.

"Wewe fundi au mchawi?" Hilmi, mwenye teksi, alimcheka. "Mwaka jana ulinisafishia ikakaa hadi kiangazi. Leo haijamaliza hata saa!"

"Jua la Mansura ndilo linalorudisha ukungu, si mimi. Na kila nikiikuna kwa msasa inazidi kuwa nyembamba. Ipo siku itanitobokea mkononi."

Wakacheka. Lakini Shawqi alisikia harufu ya nywele zilizoungua, na ilitoka kwenye tundu la maji machafu katikati ya karakana.

Mkewe, Inshirah, ambaye humalizia kung'arisha kwa kitambaa, akapangusa macho. "Baba Nahla, mbona umejaza mvuke humu?"

Hakukuwa na mvuke. Birika lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

Shawqi alikisafisha kioo mara ya pili, kikatakata, na papo hapo Inshirah akaanza kupapasa ukuta akiutafuta mlango. Siku tatu baadaye mboni zake zilikuwa nyeupe. Hospitali walimmulika, wakasema macho ni mazima, mama apumzike. Apumzike! Mtu haoni hata sahani ya maharage iliyo mbele yake! Shawqi alifunga karakana, akalia mbele za watu, na sisi majirani tukaketi naye.

Ndipo akamleta Hajja Zannuba, mganga wa mtaa wa nyuma. Bibi yule alisimama mlangoni, akanusa, akakataa kuingia.

"Ulimwaga nini humo, mwanangu?" alinong'ona.

"Maji tu, Hajja. Mabaki ya birika. Tunatumia mvuke kung'arishia taa."

"Ya moto?"

Shawqi akakumbuka: simu ameibana begani, birika mkononi, maji yanachemka, na yeye anayamimina karoni, kwenye lile tundu, bila bismillahi, bila kuwaomba wenyewe, majini wa karo, wapishe. Kosa ambalo hata mtoto wa kwetu hathubutu kulifanya jikoni kwa mama yake.

"Umemuunguza mtoto wao macho," Hajja alisema. "Mama yake hataki ubani wala kuku. Anasema kazi yako ni kusafisha. Basi msafishe mwanawe."

"Nimsafishe jini? Hajja, nitakufa!"

"Mkeo au woga wako. Chagua."

Ijumaa mchana, mtaa mzima ukiwa msikitini, Shawqi aliketi kando ya lile tundu na ndoo na misasa yake, Inshirah nyuma yake amemshika shati. Harufu ilipanda. Kisha kitu kidogo kisichoonekana, chenye joto la mkate uliotoka tanurini, kikampanda magotini, kikalaza kichwa kiganjani mwake, naye akakihisi kinatetemeka, vidole vyake vikatafuta mahali pa macho vikakuta utando mkavu wenye mikwaruzo, kama vile vioo alivyovishika miaka ishirini, akaanza kukuna, msasa mkali kwanza, kisha laini, akimimina maji ya baridi na kusoma bismillahi kila tone, huku kilio chembamba kikipanda kutoka karoni na sauti nzito ya mwanamke ikimhemea shingoni, "Taratibu, fundi. Taratibu, huyo ni mtoto."

"Baba Nahla," Inshirah akasema nyuma yake. "Shati lako limechanika begani."

Kisha akapiga kelele. "Nakuona! Wallahi nakuona!"

Kile kitu kikashuka magotini. Shawqi akageuka, akamkumbatia, wakacheka na kulia pamoja. Halafu akakumbuka alichomwambia Hilmi, kwamba ukungu hurudi na kila mkuno hupunguza, na kicheko kikamkauka.

Kazi hiyo ilikaa hadi kiangazi. Asubuhi moja, wakinywa chai karakanani, Inshirah akapangusa macho.

"Leo kuna ukungu, au ni mimi?"

Shawqi akaweka kikombe chini. Harufu ya nywele ilikuwa imeshamfikia, na ile sauti nzito ikamwita kutoka karoni, kwa upole, kama mteja aliyemzoea.

"Fundi, ukungu umerudi."

Akaichukua ndoo na misasa, akaketi. Kichwa kidogo kikalala kiganjani mwake. Akapapasa jicho kwa dole gumba kabla ya kuanza, kama anavyofanya kwa kila taa. Chini ya ukungu mpya, ngozi ya jicho iliyobaki ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, karibu kumtobokea mkononi.