Siku Orathai Alipoacha Kumfichia Mumewe

Ndugu zangu, mngemwona Orathai asubuhi ile sokoni Surat Thani, kule Thailand, mngesema mama huyu ana raha zake. Alikaa na mumewe Wichian kwenye viti vifupi vya plastiki, wakinywa maziwa ya soya ya moto na kucheka. Ilikuwa likizo yao ya kwanza tangu waoane, na Wichian alikuwa ameapa mbele ya sanamu ya Buddha kwamba safari hii hagusi pombe.

Orathai alipogeuka kuchagua shokishoki, mumewe akajaza gongo ya mchele kwenye chupa ya maji. Harufu yake Orathai aliipata ndani ya basi la kwenda ziwani. Akanyamaza. Mnakujua kunyamaza kwa namna hiyo? Miaka yote ndiye aliyempigia bosi wa mumewe simu kwamba mume ana homa, ndiye aliyemwambia mama mkwe kwamba mwanawe amechoka na kazi.

Ziwani walilala kwenye vibanda vinavyoelea. Wakati wa chakula Wichian akawapigia wageni kelele: "Mnamwona mke wangu? Uso kama yuko matangani!" Watu wakainamia samaki wao.

Asubuhi, Phrom, mwongozaji wao, aliwavusha kwa mtumbwi wa injini, wakapita msituni hadi kwenye pango. Mawingu yalikuwa yametanda.

"Leo hatuingii," Phrom alisema. "Mvua ikishuka huko juu, humu maji yanajaa ghafla."

"Nimelipa, naingia!" Wichian akamkamata mkewe mkono. "Twende, Ora."

"Siendi."

"Nani kakuuliza? Mimi ni mumeo!"

"Mume, lakini umelewa! Siingii shimoni na mlevi. Niachie mkono!"

Alipaza sauti hata yeye mwenyewe akashangaa. Wichian akamwachia, akaingia peke yake huku akiimba.

Mvua ikamwagika. Haukupita muda, wimbo ukageuka mayowe. Phrom akajifunga kamba kiunoni, akamfuata majini. Orathai alizungusha ncha ya pili kwenye mti, akavuta mpaka viganja vikachubuka. Wichian akatolewa hai, mguu umevunjika.

Hospitalini alimshika mkewe kidole. "Ora wangu, mama akipiga, mwambie nimeteleza bafuni."

Simu ikaita hapo hapo. Orathai akaipokea akimtazama mumewe usoni.

"Shikamoo mama. Mwanao alilewa, akaingia pangoni kwa ubishi, nusura afe yeye na mwongozaji wetu aliyemfuata. Na lile jicho langu lililovimba mwaka jana, ni yeye alinipiga."

"Ora, koma!" Wichian alifoka.

"Sikomi."

Mama mkwe akauliza taratibu, "Mwanangu, mbona hukusema?"

"Nilikuwa namfichia, mama. Sasa basi."

Orathai akarudi nyumbani peke yake. Mama mkwe alikuja kumchukua Wichian, akampeleka kwenye hekalu linalowasaidia walevi. Kama ataacha kweli, bado hatujui. Anajua tu kwamba mlango wa Orathai haufunguliwi kwa mtu anayenuka gongo.

FUNZO

Enyi wake, waume na jamaa wa walevi, acheni kuwatungia uongo. Kila mnapomsingizia mlevi homa, mnampa nafasi ya kunywa tena, na siku moja atawavuta pamoja naye. Semeni ukweli mapema, tena kwa sauti. Aibu ni ya anayekunywa na kupiga, si ya anayesema.