Rangi ya Mzee Tolliver

Kaz Bielak alilipulizia gari la Delphine Tolliver rangi mpya, na kwa kufanya hivyo akaliharibu. Kazi yenyewe haikuwa na kasoro. Ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kufanya. Ndiyo iliyoliharibu.

Walikutana Agosti, siku ile ambayo Detroit nzima hutoa viti vya kukunja na kukaa kando ya barabara ya Woodward kutazama magari ya zamani yakinguruma. Kaz, fundi rangi wa mji mdogo wa Hamtramck, mwanamume wa miaka arobaini na nne mwenye mabega mapana na kucha zisizotakata, alikuwa anakula soseji iliyomwagiwa mchuzi wa nyama na vitunguu. Pontiac GTO ya kijani, ya mwaka 1969, ikazimika mbele yake. Akashuka mwanamke aliyevaa gauni la njano, buti za kazi, na hereni pana kama bangili. Akafungua boneti. Mvuke ukamfunika.

"Bibie, injini imechemka," Kaz akasema.

"Asante, daktari. Mimi nilidhani ni chai."

Watu kwenye viti wakaangua kicheko. Kaz akanyanyuka na dumu la maji.

"Subiri ipoe. Ukifungua rejeta sasa itakuunguza uso, na huo uso hauna spea."

"Hayo maneno unawaambia wangapi kwa siku?"

"Wanaozimikiwa na gari mbele ya soseji yangu? Wewe wa kwanza."

Delphine alijaribu kutocheka, akashindwa. Kaz akalizunguka gari polepole, kama mtu anayezunguka farasi. Rangi ilikuwa imefifia juu ya paa na kuchubuka kwenye kingo, lakini ilikuwa ileile ya kiwandani.

"Unaliuza?"

"Nina uwanja mzima wa magari pale Ferndale, bwana, njoo ununue hata yote. Hili alilinunua baba yangu jipya kwa mshahara wake. Hili haliuzwi."

Alisema kwa sauti, Woodward nzima ikasikia. Kaz alisikia zaidi ya wote.

Baada ya hapo simu ikawa haipoi.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Kahawa."

"Kahawa si chakula, Delphine. Nakuja na pierogi, sambusa zetu za Kipolandi za viazi, mama kapika."

"Mama yako anajua unamlisha mwanamke mwenye deni la sahani tatu?"

"Anajua. Anasema sahani uzirudishe mwenyewe, akuone."

Delphine akazirudisha, akiwa amevaa suti ya bluu na midomo myekundu, na yule mama akamshika mashavu kama anayepima tikiti. Hapo akawa amekubaliwa. Mtaa mzima ulijua.

Jioni moja Delphine aliegemea GTO akapitisha kiganja kwenye paa lililofifia. "Baba angeliona hivi," akasema, "angelia."

Kaz akasikia alichosikia: gari linahitaji rangi. Ambacho hakusikia, kwa sababu hakuambiwa, ni kwamba paa la jengo la Delphine lilikuwa linavuja, majira ya baridi yanakuja, na bila paa jipya uwanja ungefungwa. Alikuwa ameshakubaliana na mkusanyaji wa magari kutoka Grand Rapids, bwana mmoja aitwaye Everett Hulse, amuuzie GTO kwa dola elfu tisini. Hakumwambia Kaz. Angeanzaje, baada ya kutangaza barabarani kwamba haliuzwi?

Hulse hakuwa ananunua chuma. Alikuwa ananunua rangi ile kuukuu, kwa sababu haijaguswa tangu ilipotoka kiwandani, na ukishaipiga msasa hairudi. Kaz alilijua hilo kuliko jina lake. Gari la kuuzwa asingeligusa hata kwa kucha. Lakini gari lisilouzwa ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani unamvalisha. Sisi mafundi wa gereji ndivyo tulivyo. Hatujui kuandika barua, basi tunapaka.

Delphine alipokwenda Indiana kwenye mnada, alimwachia Kaz gari atengeneze kitasa cha mlango wa abiria, uliokuwa umekwama tangu baba yake afariki. Aliporudi, Kaz alimfumbisha macho, akamshika mkono akamwingiza gerejini.

"Sasa fumbua macho."

GTO ilikuwa inang'aa, kijani kibichi, mtu angejiona hata meno. Delphine hakusogea.

"Kaz. Umepiga msasa?"

"Mpaka kwenye bati. Nimemvalisha mzee suti mpya."

Akaketi juu ya kopo la rangi na gauni lake jeupe. "Nimeliuza. Hulse anakuja Jumamosi."

"Uliniambia haliuzwi!"

"Na wewe uliniambia unatengeneza kitasa!"

"Ungenieleza, Delphine."

"Ungeniuliza!"

Jumamosi Hulse alikuja, akalizunguka mara moja, mikono mfukoni. "Fundi wako ni hodari sana," akasema. "Pole, mama." Akaondoka bila hata kuomba apunguziwe bei.

Kaz alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena.

"Sema," Delphine akajibu.

"Nitalipa."

"Kwa kitu gani, kwa pierogi?" Akakata.

Paa lilitengenezwa. Delphine aliuza safu ya mbele ya uwanja wake kwa jirani muuza matairi, akasogeza magari nyuma, akavaa koti zito na kuendelea kuuza. Hakulia mbele ya mtu. GTO aliifunika turubai.

Mwisho wa Oktoba akaja daktari kutoka Cleveland. Huyu hakuwa na habari na rangi ya kiwandani, alitaka gari la kuendesha. Delphine akaivua GTO turubai, daktari akavutiwa. Akashika mlango wa abiria, ukafunguka laini.

"Hapa fundi wako kasahau," akasema.

Delphine akainama. Kwenye nguzo ya mlango palikuwa na kipande cha rangi ya zamani, kijani kilichofifia, upana wa kiganja. Ndani yake mlikuwa na mistari iliyokwaruzwa kwa msumari, mmoja juu ya mwingine. Kila siku ya kuzaliwa ya Delphine, baba yake alimsimamisha hapo akapima kimo chake, tangu akiwa na miaka mitatu. Kingo za kile kipande zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa rula. Mtu aliyesahau habandiki karatasi ya kuzuia rangi kwa unyoofu ule.

"Pamalizie hapa, nalichukua leo," daktari akasema.

"Hapo hapamaliziwi."

"Basi nipunguzie."

"Samahani, daktari. Haliuzwi." Mara hii alimaanisha.

Akapiga simu palepale, mkono mmoja juu ya ile mistari.

"Kitasa kinafanya kazi," akasema.

Kaz akajibu: "Si ndicho ulichoniagiza."

"Kwa nini hukuniambia umeniachia pale?"

"Ulikata simu."

"Ungepiga tena, mjinga wewe!"

"Nilipiga mpaka mama akanifichia simu."

Delphine akacheka, na kicheko kikamchanganyikia na machozi. "Sikiliza. Jengo la nyuma liko tupu. Leta vifaa vyako, tupake magari ya watu hapa."

"Niwe mpangaji wako?"

"Wapangaji siwapendi, hawalipi kwa wakati. Nataka mume."

"Delphine, niko juu ya ngazi."

"Shuka kwanza. Usinifie kabla hujajibu."

Ikasikika miguu, kisha kitu kikaanguka. "Nimeshuka. Ndiyo, mpenzi. Ndiyo."

Walioana Hamtramck kabla ya theluji kubwa, bibi harusi akiwa amevaa kijani, wakaondoka na GTO.

Iligharimu hivi. Dola elfu tisini za Hulse zilikwenda na Hulse. Safu ya mbele ya uwanja, ile inayoonekana barabarani, ni ya muuza matairi. Gereji ya Hamtramck, aliyoianza Kaz na kaka yake, imefungwa. Vuli nzima kila mmoja alilala kwake. Na ile rangi ambayo mzee Tolliver alifika nayo nyumbani akiwa kijana, imebaki upana wa kiganja.